Volkano kwenye picha: ni hasira tu?

Mkaa_na_Rangi: Wakuu, kila nikichora volkano watu wanaona hasira. Haina maana nyingine?

Bibi_Brashi: Inategemea umeukuta mlima katika hali gani. Frederic Church, mchoraji Mmarekani, alichora Cotopaxi, volkano ya Ekuador, mwaka 1862, Marekani ikipigana yenyewe kwa yenyewe; moshi unalifunika jua, na wengi wameona vita humo. Hokusai, mchoraji wa Japani, kauchora mlima Fuji wa kwao mwekundu, umetulia tuli. Nao ni volkano! Mimi niko upande wa Hokusai: nguvu isiyojionyesha inatisha zaidi.

Mkaa_na_Rangi: Kwa hiyo nipunguze wekundu?

Bibi_Brashi: Wekundu acha. Punguza moshi.

Tope_la_Moto: Na mchoraji Dr. Atl wa Meksiko je? Volkano ya Paricutín ilipochipuka huko katikati ya shamba la mahindi mwaka 1943, alikwenda kuichora ikikua. Hapo ni uzazi, si hasira.