Rangi ya alumini na ya lulu kwenye modeli za plastiki: kwa nini zangu zinatoka kijivu na chengachenga?

Mkaazi wa Upanga

Wakuu, habari za jioni.

Nina modeli mbili mezani ambazo zimenishinda. Ya kwanza ni ndege ya Dakota DC-3 ya kipimo cha 1/72, ambayo nimekusudia kuivalisha rangi za East African Airways, shirika lililotutoka mwaka 1977. Ya pili ni Toyota ya 1/24 ninayotaka iwe nyeupe ya lulu, kama tunazopishana nazo kila siku Barabara ya Bagamoyo.

Kwenye Dakota nilipulizia rangi ya fedha ya Tamiya X-11 juu ya prima (rangi ya msingi) ya kijivu, kwa brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3, na bawa likatoka kama bati la banda lililopigwa jua miaka kumi. Nilipoongeza tabaka la pili na la tatu, hali ilizidi kuwa mbaya. Kwa ajili ya Toyota nilichanganyiwa rangi halisi ya gari, namba 070, katika duka moja huko Gerezani, nikaijaribu kwanza kwenye kijiko cha plastiki. Kijiko kiliota nyufa nyembamba kama nywele, na vimetameta vyake vinaonekana kama chenga za sukari. Kliya (ile rangi angavu ya kumalizia) niliyoipulizia Jumamosi jioni, mara baada ya mvua, nayo ikapiga ukungu mweupe. Naomba mnielekeze nilipokosea.

Fundi wa Sinza

Ndugu yangu, nianze na Dakota, kwa kuwa ndiyo niliyoihangaikia kwa muda mrefu zaidi.

Rangi ya fedha ni vipande vidogo mno vya alumini, vilivyo bapa, vinavyoelea ndani ya kimiminika. Vikilala vyote sambamba kama vigae vya paa, nuru inarudi kwa pamoja na jicho linaona chuma. Vikisimama ovyo, nuru inatawanyika na jicho linaona kijivu. Tabaka nene lililolowa huvipa nafasi ya kuelea na kusimama, na ndiyo maana kila ulipoongeza rangi ulizidi kuharibu. Aidha, prima yako ya kijivu haina mng'ao, na rangi ya fedha haifichi kitu: ikikuta uso wenye chembechembe, itazionyesha zote.

Piga msasa wa maji namba 2000, kisha pulizia nyeusi ya kung'aa hadi uweze kuona taa ya dari ndani ya bawa. Iache siku mbili kamili. Kabla ya kuendelea, sogeza bawa puani unuse: likiwa bado linanuka tina, halijakauka, hata kama kidole kinakudanganya kwamba limekauka. Baada ya hapo tumia rangi ya fedha ya Alclad II au Tamiya LP-11, kwa mgandamizo wa psi 12 hadi 15, ukipita haraka kwa umbali wa sentimita sita hivi. Mpito wa kwanza utaonekana kama vumbi juu ya weusi, nawe utadhani umekosea. Endelea taratibu, na usimame weusi unapokaribia kupotea, si baada ya kupotea.

Kliya usiiweke juu yake, kwa maana inauzima mng'ao ule ule ulioutafuta.

Mpenda Ndege

Naongeza dogo tu. Mimi hupulizia rangi bafuni, na kabla ya kuanza humwaga maji sakafuni ili vumbi litulie. Tangu nianze kufanya hivyo, sijaona unyoya wala mchanga kwenye rangi.

Binti wa Kigamboni

Kaka, kwa rangi za maji utaratibu huo unafaa, lakini kwa rangi za tina katika jiji hili ndio unaoleta ukungu alioulalamikia mwenye mada. Tina inaporuka hupoza uso wa modeli, na unyevu wa hewa huganda pale pale, kama jasho linalotoka nje ya glasi ya maji baridi. Kliya hunasa unyevu huo na kugeuka nyeupe. Vumbi ni afadhali ulifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, nusu saa kabla ya kazi.

Msimu wa masika mimi hupulizia kati ya saa sita na saa tisa mchana, siku isiyo na mvua, kwa kuwa huo ndio wakati ambao hewa yetu huwa na nafuu. Tumia tina yenye kicheleweshaji (kinachoifanya ikauke polepole), kama Mr. Leveling Thinner. Kliya yako iliyokwisha kuharibika usiikwangue bado: pulizia tina hiyo peke yake, nyembamba sana, na mara nyingi ukungu huondoka. Fungua pia kichujio cha maji cha kompresa yako. Changu hujaa kijiko cha chai kwa mchana mmoja.

Kuhusu lulu, nyufa za kijiko zimeletwa na tina ya magari, ambayo inaila plastiki ya modeli. Zile chenga ni suala la kipimo. Vimetameta vya lulu ni madini ya maika yaliyofunikwa kwa oksidi ya titani, na punje ya mikroni 40, isiyoonekana kwenye gari halisi, kwenye 1/24 inakuwa sawa na kipande cha karibu milimita moja. Maika hiyo inapitisha nuru, hivyo rangi ya chini ndiyo inayoamua: anza na nyeupe ya kung'aa, fuatisha nyeupe ya lulu ya Tamiya TS-45, na kwa hii kliya inaruhusiwa. Boneti, milango na bampa uvipulizie siku moja, vikiwa vimekaa kama vitakavyokaa kwenye gari, huku ukihesabu mipito kwa sauti. Mipito minne kwenye boneti na mitano kwenye bampa itakupa magari mawili tofauti.

Barakoa iwe ya vichujio vya kaboni, tafadhali, si ile ya kitambaa.

Mkaazi wa Upanga

Nawashukuru sana. Leo saa saba mchana nimejaribu vijiko vitatu juu ya nyeusi, na cha tatu, ambacho nilikiacha mapema kuliko nilivyotaka, kinaonyesha nondo za dirisha. Nimebakiwa na swali moja: paa la Dakota ni jeupe. Nianze na rangi ipi?

Fundi wa Sinza

Anza na nyeupe, kisha uifunike kwa karatasi ya gundi, na fedha iwe ya mwisho. Fedha haipendi gundi juu yake. Pale itakapokulazimu, ibandike karatasi hiyo kwanza kwenye suruali yako mara mbili au tatu ili ipungue nguvu.