Zawose Queens na albamu ya Maisha: wameharibu ngoma ya Wagogo, au kuna jambo hatutaki kulisema?

Wakuu, salaam.

Hii mada inanikereketa tangu albamu ya Maisha itoke mwezi wa sita 2024. Kila nikiigusa kijiweni watu wanatokwa povu, kahawa inapoa na hatufiki popote. Nimeona niilete hapa, angalau mtu akiandika hawezi kukatwa kauli.

Kwa asiyewafahamu: Zawose Queens ni Pendo na Leah Zawose, wakazi wa Bagamoyo. Pendo ni binti wa marehemu mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, Leah ni mjukuu wa mzee huyo huyo. Maisha ndiyo albamu yao ya kwanza, wameitoa kupitia Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na watayarishaji wake ni Oli Barton-Wood na Tom Excell kutoka Uingereza. Kiangazi kile kile wakaenda kupiga kwenye majukwaa ya huko, tamasha la WOMAD likiwemo. Ndani ya albamu utasikia ilimba (kisanduku chenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba), zeze la nyuzi, muheme (ngoma za kina mama), na zile sauti za Kigogo zinazopandana kama watu wanaosukumana mlangoni. Halafu kuna besi na midundo ya mashine.

Hapo kwenye mashine ndipo ugomvi ulipo. Wapinzani wanasema: hii si ngoma ya Wagogo tena, ni disko la Wazungu lililovishwa shanga, na mzee Hukwe angekuwa hai asingekubali.

Mimi nauliza, mzee Hukwe yupi?

Huyu ninayemfahamu mimi alichukua ilimba ya kawaida akaiongezea vyuma mpaka ikawa li-sanduku la kukumbatia. Zeze lenye nyuzi chache akalizidishia nyuzi. Mwaka 2002, mwaka mmoja tu kabla hajafariki, alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook, mpiga gitaa la umeme kutoka Kanada. Isikilize leo halafu uniambie kama mzee alikuwa anaogopa waya.

Na hata hiyo si habari kubwa. Badiliko kubwa lilitokea Mwalimu Nyerere alipomsikia na kumwita Dar es Salaam miaka ya sitini, kisha maisha yakampeleka Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa. Ngoma iliyokuwa na msimu wake, ya mavuno, ya jando, ya kuita mvua kwenye ardhi kame ya Dodoma, ikawa ya jukwaani. Ina saa ya kuanza, ina mgeni rasmi, watu wamekaa kwenye viti wanapiga makofi. Hapo ndipo ilipong'olewa shambani ikapandwa pwani, na hatukulia, tuliita utamaduni wa taifa. Leo besi moja ndiyo imeharibu mila?

Nisieleweke vibaya, sisemi kila kilichofanywa studio ni kizuri. Kuna kitu kimoja nataka mkisikilize kwa makini. Ilimba ya Kigogo ikiguswa haitoi sauti safi kama ya piano. Ina mnong'ono, ina mkwaruzo, kama nyuki kaingia ndani ya sanduku. Mkwaruzo ule hauji kwa bahati mbaya. Fundi anatoboa tundu kwenye mbao halafu analiziba kwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu kidogo, na kila chuma kikilia utando unatetemeka. Fundi mitambo asiyejua atadhani spika imepasuka, atahangaika kuusafisha. Mimi nilipowasha albamu hii nilikuwa nausubiri ule mlio, na nikausikia. Moyo ukatulia. Ila kuna sehemu besi inashuka nzito mno, mkwaruzo unamezwa, na sauti za kina mama za nyuma zinakuwa kama ziko chumba cha pili. Hapo nawaunga mkono wapinzani kwa mikono miwili.

Ndiyo maana nasema aliyewasikia kwenye albamu tu bado hajawasikia. Mara ya kwanza nasimama karibu na muheme ilikuwa kijijini, sherehe ya jamaa. Kina mama waliwasha moto wa majani makavu, wakazisogeza ngoma zikaote mpaka ngozi ikakaza, wakawa wanazigonga kwa kidole na kuzitegea sikio kama mtu anayechagua nanasi. Halafu kila mmoja akaibana yake kati ya mapaja, viganja vikaanza. Ule mdundo huusikii masikioni, unakuingia kwa nyayo. Hakuna spika ya simu itakayokupa hiyo.

Sasa nije kwenye lililonileta. Muheme ni ngoma ya wanawake, hilo halina ubishi. Mwanamke wa Kigogo hajawahi kukosa nafasi kwenye muziki: anapiga, anacheza, anaitikia. Ila ilimba na zeze, na kule mbele kwenye kuanzisha wimbo, vilikuwa vya wanaume. Hata kwenye kundi la familia ya Zawose wanawake walikuwa nyuma. Pendo na Leah wameshika ilimba, wameshika zeze, wametunga wenyewe na wanaongoza. Hilo mzee hakulifanya. Kama tunatafuta mila iliyovunjwa kwenye Maisha, ni hii, na mimi naona imevunjwa vizuri.

Hisia yangu ni kwamba wengi wanaolalamikia besi wanakerwa na hili ila wanaona aibu kulisema. Nibishieni.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu, asanteni, hata mliotukana.

Mmoja kasema hoja si mashine wala wanawake, hoja ni kwamba Mzungu ndiye anayeamua muziki wetu usikike vipi. Hiyo ni hoja nzito na naipokea. Lakini mkuu, albamu ya Chibite ya mzee Hukwe ya 1996 nayo ilitoka Real World. Karibu miaka thelathini imepita, na njia ya mwanamuziki wa Kigogo kufika mbali bado ni ile ile. Hilo tuwaulize watu wa redio na wenye studio za hapa nyumbani, si Pendo na Leah. Walipofunguliwa mlango ulitaka wasimame nje?

Mwingine, nadhani ni mzee wangu kwa namna alivyoandika, kasema kwao Dodoma aliwahi kumwona bibi yake akipiga ilimba jioni, nyumbani, bila mtu kumkataza. Shikamoo mzee. Hilo limenifanya nirudi nyuma hatua moja. Huenda kilichokatazwa hakikuwa kushika ilimba, kilikuwa kuishika mbele ya watu. Ni vitu viwili tofauti, na mimi nilivichanganya.

Mlioko Chamwino au Bagamoyo, semeni basi: wasichana wanaojifunza ilimba sasa hivi wapo? Nani anawafundisha, na wakifika mbele ya watu wanakaa wapi?