Naomba ushauri: sabuni za "rafiki wa mazingira" ni kweli au jani tu kwenye chupa?

Habari zenu wapendwa. Niko Kampala, nyumba ya kupanga, na maji ya kudekia huwa namwagia dodo zangu (mchicha) uani. Kuyaacha yapotee bure naona uchungu.

Mwezi jana nilinunua dawa ya sakafu supamaketi, chupa imechorwa jani la kijani. Bei karibu mara mbili ya ile ya kawaida. Kufika nyumbani nageuza nyuma: viungo hakuna, na harufu inachoma pua vilevile. Wiki haijaisha dodo zikaungua ncha za majani, ingawa jua nalo lilikuwa kali, nisisingizie.

Nikaanza kusoma. Kumbe kampuni kubwa ndizo zinamiliki sabuni za "kijani": Unilever ilinunua Seventh Generation 2016, SC Johnson ikachukua Method na Ecover 2017. Sina ugomvi na wakubwa, ila hao hao bado wanauza na zile kali. Nembo ya Q ya UNBS (shirika la viwango la Uganda) naiangalia, lakini hiyo ni ya viwango. Mimi nataka kujua udongo wangu utapata nini.

Mnaojua kemia, nitafute neno gani kwenye lebo? "Haina fosfeti" pekee inatosha? Shemeji ananiambia nirudi kwenye siki na magadi. (Aliwahi kuchanganya siki na Jik chooni, tukatoka mbio tunakohoa, kwa hiyo ushauri wake naupokea kwa tahadhari.) Nina mtoto anayetambaa, sakafu lazima iwe safi kweli.