Kuruka zamu: injini inapoteza sare za vitunda

Swali: Wakuu, injini ya sataranji inatumia kuruka zamu (null move: mwenye zamu anakaa, mpinzani anacheza tena) kukata matawi ya utafutaji: R=2 (kina kinachopunguzwa baada ya kuruka), na alama zikibaki juu ya beta (kikomo cha juu cha alama), tawi linakatwa. Kasi safi, ila mwisho wa mchezo wenye vitunda vitupu inapoteza sare za wazi. Nipunguze R?

Jibu: R haina kosa. Mbinu hii inadhani kucheza daima ni bora kuliko kukaa. Kwenye mfalme na vitunda mara nyingi ni kinyume. Izime pale mwenye zamu asipokuwa na malkia, ngome, askofu wala farasi. Pia usiruke mfalme akiwa anashambuliwa, wala mara mbili mfululizo, na ruka tu tathmini ikifika beta. Ikirudi alama ya mati, rudisha beta: mati hiyo haijathibitishwa.

Jibu: Kagua na ufunguo wa Zobrist (namba inayotambulisha hali ya ubao). Kosa la kawaida (na la kuudhi): zamu inabadilishwa, haki ya en passant (kula kitunda kwa kupita) haifutwi. Jedwali la kumbukumbu (linalohifadhi hali zilizokwisha kuchunguzwa) linachafuka kimyakimya.

Muuliza: Asanteni. Halafu R ya kuanzia?

Jibu: 3 + kina/4 (kina ni hatua za utafutaji zilizobaki), kisha jaribu kina/3. Badili kitu kimoja kwa wakati. Pima kwa SPRT (jaribio la takwimu linalosimama ushahidi ukitosha), sekunde 8 na nyongeza 0.08 kila hatua, mipaka Elo (alama za nguvu ya mchezaji) 0 na 5, alfa na beta za jaribio (viwango vya makosa, si beta ya utafutaji) 0.05, simama LLR (kipimo cha ushahidi) ikigusa 2.94 au -2.94. Michezo 200 haikuambii kitu, ukingo wa makosa ni takriban Elo 40.