Risala ya wahitimu: je, tuwataje walioanza nasi wakaishia njiani?

Mhitimu mtarajiwa, Igogo

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Ninasoma kidato cha nne katika shule ya kutwa hapa jijini Mwanza, na nimeteuliwa kuandika risala itakayosomwa mbele ya mgeni rasmi siku ya mahafali, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba hii ya 2023. Mwongozo niliopewa ni ule wa kila mwaka: historia ya shule, mafanikio, changamoto, maombi. Nikiufuata kama ulivyo, miaka yetu minne haimo.

Tuliingia kidato cha kwanza Januari 2020. Tulikuwa bado tunachanganya majina pale shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona, na tuliporudi mwishoni mwa Juni, viti kadhaa vilibaki vitupu. Mwaka huohuo ziwa lilijaa kupita kiasi, maji yakaingia katika nyumba za mwambaoni, na familia ya rafiki yangu ikahama naye asionekane tena. Wengine walinogewa na kazi ya kuanika dagaa, wawili wakaenda visiwani kuvua, na msichana aliyekaa mbele yangu akapata ujauzito tukiwa kidato cha pili. Juzi mwalimu wa darasa alinionyesha daftari la mahudhurio la mwaka ule: majina 58, na 14 kati yake yamepigwa mstari mwekundu, kwa rula, mstari ulionyooka kabisa. Niliyasoma yote kwa sauti ya chini.

Wenzangu wanasema siku ya furaha isigeuzwe matanga. Nanyi mnaonaje?

Mzazi, Buhongwa

Marahaba, mwanangu. Usitaje majina, kwa maana baba wa binti huyo huenda akawa amekaa palepale na mdogo wake. Halafu usiache maombi: mgeni rasmi akiondoka bila kusikia habari ya maji, wadogo zenu wataendelea kupandisha ndoo mlimani.

Mwalimu, Ilemela

Nimesikiliza risala nyingi ambazo ungeweza kubadilisha jina la shule tu zikasomwa kwingine, kwa hiyo nimefurahi kuona mwanafunzi anayeukataa mtindo huo. Naungana na mzazi kuhusu majina, lakini idadi itajwe, tena itajwe ndani ya changamoto na si pembeni, kwa sababu kila kiti kilichobaki kitupu kina chanzo chake, na mwenye mamlaka anaweza kufanya jambo kuhusu chanzo hicho.

Wala si matanga. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana walioacha shule kwa ujauzito kurejea katika mfumo rasmi, na hao walioko visiwani wanaweza kufanya mtihani wa maarifa, kisha wakafanya ule wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Wazazi wengi watakaokuwa chini ya turubai siku hiyo hawayajui haya. Aya mbili za risala yako zinaweza kumrudisha mtu darasani.

Mfanyabiashara wa dagaa, Kirumba

Mdogo wangu, mimi niliishia kidato cha tatu. Darasa langu lilipohitimu mwaka 2015, nilikaa juu ya jiwe nje ya shule nikisikiliza spika. Risala ilitaja kila kitu, hadi upungufu wa matundu ya vyoo, lakini halikusemwa neno hata moja lililonihusu, ingawa nilisoma nao miaka mitatu na kuchangia nao daftari moja la Jiografia. Jioni wawili walinifuata nyumbani na sahani ya pilau iliyofunikwa kwa kitambaa. Wale wawili hadi leo ni ndugu zangu. Kama kadi za mwaliko zipo, wapelekeeni.

Mhitimu mtarajiwa, Igogo

Asanteni sana. Aya ya pili sasa inaanza hivi: «Ndugu mgeni rasmi, tulianza tukiwa 58, na leo mbele yako tumesimama 44.» Njia za kurudi shuleni nimeziweka baada yake, na habari ya maji imo. Mwalimu wa darasa ameipitisha. Kadi tumeongezewa 14, na Jumamosi tunazipeleka Mwaloni na Igombe. Mmoja wa visiwani amepokea simu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ni lazima avae sare. Tumemwambia avae atakavyo, naye amesema atavuka kutoka Nansio siku moja kabla.