Mgombea urais amesimama Tukuyu akatuita wana Mufindi, kisha akasema sisi ni walewale!

Binti wa Katumba:

Wanajukwaa, ninaandika haya nikiwa bado na tope la uwanjani miguuni, kwa sababu nikisubiri hadi kesho nitapasuka. Sina haja ya kumtaja jina. Picha yake imebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme kuanzia Uyole hadi Kasumulu, hata mbuzi wa jirani yangu anamfahamu. Leo mchana alikuja Tukuyu kutuomba kura za urais, akapanda jukwaani mbele ya wakulima wa chai, wa ndizi na wa parachichi wa Rungwe, akashika kipaza sauti, akanyanyua mkono na kusema, "Kamwene, wana Mufindi!"

Nilisikia vizuri, kwa maana nilikuwa safu ya tatu kutoka mbele na spika zake zilikuwa na nguvu ya kuamsha mlima Rungwe usingizini. Kamwene ni salamu njema ya ndugu zetu Wahehe na Wabena, na kama ningekuwa Mafinga, kule Mufindi mkoani Iringa, au Njombe ningeiitikia kwa furaha. Huku kwetu tunasema "Ugonile", neno ambalo hata kondakta wa basi la Dar es Salaam huwa amelijua kabla hajafika Uyole. Uwanja mzima ulinyamaza hata ungeweza kusikia ndizi zikiiva. Yeye akadhani hatukumsikia, akaweka kiganja sikioni na kurudia kwa sauti kubwa zaidi, "Kamweneee!" Kisha akatushukuru kwa chai yetu ya Mufindi, hali amesimama mahali ambapo ukigeuza shingo tu unayaona mashamba ya chai ya Rungwe yakipanda kilima hadi yanapomezwa na ukungu.

Mama yangu mzazi ana miaka 78. Ni mtu aliyepiga kura tangu enzi za kuchagua kati ya picha na kivuli, na hajawahi kukosa uchaguzi hata mmoja. Aliamka saa kumi alfajiri, akavaa kitenge chake cha kanisani, akatembea kwa fimbo katika utelezi, akasimama saa tano nzima akisubiri msafara. Baada ya salamu ile alinivuta mkono na kuniuliza kwa Kinyakyusa kama tumekosea mkutano. Sikuwa na jibu la kumpa.

Hayo yote ningeyasamehe, kwa sababu mtu anayehutubia mikutano minne kwa siku anaweza kuchanganya majina ya miji. Lisilosameheka ni lililofuata. Msaidizi wake alimsogelea akamnong'oneza, nami nikamwambia mama kwamba sasa ataomba radhi. Badala yake alicheka, akatazama wenzake waliokaa kwenye viti vya kitambaa cheupe, akasema, "Aa, Mufindi, Rungwe, ninyi watu wa Nyanda za Juu ni walewale."

Walewale! Kutoka Tukuyu hadi Mafinga unapita Uyole, Igawa na Makambako, unasafiri zaidi ya kilomita 200, lugha zinabadilika, vyakula vinabadilika, hata namna ya kumlilia marehemu inabadilika, halafu mtu anayetaka kukabidhiwa nchi yenye mikoa 31 anatuweka wote katika kapu moja na kucheka. Katiba inamtaka awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40 na awe amependekezwa na chama. Haikumtaka ajue amesimama wapi, na leo nimeona kwamba ilipaswa kumtaka.

Najua mtaniambia nijadili rekodi yake. Rekodi yake ninaijua kuliko yeye. Alipokuwa waziri alipita hapahapa Rungwe, akanywa chai yetu hapahapa, akaahidi kwamba bei ya majani mabichi itashughulikiwa. Hatukuona kitu. Leo ndipo nimeelewa kwa nini: siku ile naye alidhani yuko Mufindi, na ahadi yetu ameifungua mahali ambapo haikufungwa.

Nimemaliza. La, sijamaliza. Alicheka! Angesema "walewale" kwa uso mkavu ningesema amechoka, lakini alicheka.

Mwana Mafinga:

Dada, pole kwa utelezi, na umpe mama shikamoo yangu. Hata hivyo nimeusoma uzi wako mara mbili na nimeumia, kwa sababu unaandika kana kwamba kuitwa mtu wa Mufindi ni tusi. Wazee wetu na wenu waliishi katika jimbo moja la Nyanda za Juu Kusini, na mpaka leo hakuna harusi Mafinga isiyo na shemeji kutoka Mbeya. Jambo linalonichoma zaidi ni kwamba huku kwetu mgombea huyo hakusimama kabisa. Tulijipanga barabarani tangu asubuhi, wanafunzi na kwaya na wazee, msafara ukapita vioo vimefungwa kuelekea Makambako. Kwa hiyo salamu aliyowapa ninyi ilikuwa ya kwetu, na chai aliyoisifu ilikuwa ya kwetu. Mmeipokea mali ya watu halafu mnalalamika.

Kijiwe cha Kabwe:

Mleta uzi, umetumia aya saba kwa neno moja. Hujatuambia alisema nini kuhusu mbolea, wala hospitali, wala ajira za vijana. Ukienda hivi, siku ya kupiga kura utaandika "Ugonile" kwenye karatasi ya kura na kura yako itaharibika.

Mtiifu wa Kyela:

Nilikuwepo uwanjani, nami nasema mleta uzi ana jazba. Mheshimiwa alizungumza dakika 40 bila karatasi, alieleza ruzuku ya mbolea na usajili wa wakulima, alishuka jukwaani akawashika mikono wazee, alikula ndizi za kuchoma na watu wa kawaida bila kuwekewa meza. Ninampenda kwa sababu hiyo: hajitengi. Wagombea wengine huja na hotuba iliyoandikwa na watu wa Dar es Salaam, wanaisoma, wanaondoka. Huyu anazungumza kutoka moyoni, na anayezungumza kutoka moyoni huteleza ulimi. Wewe ulikaa safu ya tatu kwa sababu ulikuwa unangojea fulana, ukaikosa, sasa umehamishia hasira kwenye salamu.

Binti wa Katumba:

Fulana sikuipata wala sikuiomba, ninavaa nguo za kununua kwa chai yangu. Ulimi unateleza mara moja. Huyu aliteleza mara ya kwanza, akaweka kiganja sikioni akateleza mara ya pili, aliposhikwa mkono ili asimame akajilaza kabisa. Na hao wazee aliowashika mikono, mmoja wao ni mama yangu, na mheshimiwa wako alimwambia, "Asante, bibi wa Mufindi." Sikuliandika hilo mwanzoni kwa sababu lilinitoa machozi.

Mwalimu Mstaafu, Iringa:

Wanangu, nimefundisha jiografia kwa miaka mingi, na naona jambo hili si dogo kama anavyosema ndugu wa Kabwe. Mkuu wa nchi anayedhani Rungwe na Mufindi ni mahali pamoja atadhani pia kwamba gari moja la mbegu linatosha kwa wote wawili. Aidha nawakumbusha utaratibu. Tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, mgombea urais hahitaji tena kuvuka nusu ya kura. Anayepata nyingi kuliko wenzake ndiye anayetangazwa, na Ibara ya 41 inasema Tume ikishamtangaza, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Ndiyo maana mazungumzo kama haya yanafaa kufanyika sasa. Binti, hasira yako ni halali, lakini punguza alama za mshangao.

Tairi Kumi na Nane:

Ninyi wa Tukuyu mshukuru kwamba alifika mchana. Vwawa tulimsubiri siku nzima, akafika saa kumi na moja na dakika 50 jioni, na kila mtu anajua kwamba saa 12 mikutano ya kampeni inafungwa. Alituhutubia dakika kumi, na katika dakika hizo kumi alituita "wananchi wa Mbeya" mara tatu. Mkoa wetu wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016! Tuna mkuu wa mkoa wetu, tuna makao makuu yetu hapohapo Vwawa aliposimama. Mimi ni dereva wa lori, ninalala Tunduma kwenye foleni ya mpaka hadi godoro limechukua umbo la kiti. Nilitaka kumsikia akizungumzia miteremko ya Iwambi na Inyala, ambako nimeacha marafiki. Alipokuwa waziri alifika Inyala baada ya ajali, akasimama pale kwenye mabaki ya basi, akasema halitatokea tena. Limetokea tena, na tena, na tena. Jioni ile ya Vwawa hakuutaja mteremko hata mmoja.

Mama Parachichi, Njombe:

Kaka dereva, pole sana. Lakini kama ni kukosea majina, sisi wa Njombe tumepigwa zaidi. Alisimama Ludewa, mbele ya watu ambao wamesikia hadithi ya Liganga na Mchuchuma tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao, akaahidi kwamba chini yake "chuma cha Mchuchuma" kitaanza kuchimbwa mara moja. Mchuchuma ni makaa ya mawe! Chuma kiko Liganga! Mtoto wa darasa la tatu wa Ludewa hawezi kukosea hapo. Amedanganywa na jina, amesikia "chuma" ndani ya "Mchuchuma" akaridhika. Mtu aliyekaa katika Baraza la Mawaziri, mezani ambako mradi huo umejadiliwa, hajui kipi ni kipi. Afadhali ninyi mliokosewa salamu, sisi tumekosewa mlima mzima.

Mtiifu wa Kyela:

Mama, nia yake ni kwamba vyote vichimbwe. Mnatafuta makosa ya matamshi kwa sababu hamna la kusema juu ya kazi yake.

Mama Parachichi, Njombe:

Mwanangu, makaa si matamshi.

Viazi Isyonje:

Niruhusuni na mimi niseme, kwa kuwa mmegusa kazi yake. Alipopita Uyole alisema jukwaani, kwa kifua mbele, kwamba yeye alipokuwa waziri ndiye aliyemaliza lumbesa, yaani kujaza magunia kupita kipimo. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara, mita chache kutoka jukwaani, na nyuma yangu kulikuwa na fuso linapakia viazi vyangu, na kila gunia lilikuwa na kilemba kichwani kama bibi harusi. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Magunia yale vijana wawili walikuwa hawawezi kuyanyanyua, walimwita wa tatu. Alikuwa anatangaza kifo cha lumbesa huku lumbesa inapanda gari mbele ya macho yake, na watu wakapiga makofi!

Kijiwe cha Kabwe:

Hili ndilo la kujadili. Gunia lako lilikuwa la debe ngapi?

Viazi Isyonje:

Nane. Bei nililipwa ya debe sita.

Binti wa Katumba:

Poleni nyote, lakini naomba turudi kwenye uzi. Alicheka, jamani. Mama yangu hajala tangu turudi nyumbani.

Mwana Mafinga:

Debe nane ni wizi. Huku kwetu kwenye viazi wanajaza saba na nusu, kisha wanashona mfuko mwingine juu. Nakumbuka alipokuwa waziri vilisambazwa vizuizi vya kupima magunia barabarani, na kwa muda mfupi kweli tulipumua. Kwa hilo nampa haki yake. Baadaye vizuizi vikalegea, na hakurudi kuuliza.

Mtiifu wa Kyela:

Umeona? Alianzisha. Waliokuja baada yake ndio walioacha.

Viazi Isyonje:

Kama waliacha wengine, basi asiseme ameimaliza. Angesema "niliianza vita nikaondoka" ningempigia makofi mimi wa kwanza, maana ningejua anajua kilichopo shambani. Amesema imekwisha. Mtu anayeamini tatizo limekwisha hatalishughulikia akiingia Ikulu.

Dalali wa Mwanjelwa:

Nimekaa kimya muda mrefu, lakini mnatuonea madalali. Gunia la debe sita likifika Dar es Salaam tajiri analikataa, anasema limepungua, na hasara inarudi kwangu. Mgombea huyo angeanza na masoko ya mjini, ambako lumbesa inaagizwa, kabla ya kuja kujisifu kwa wakulima. Hilo nililiandika kwenye karatasi nikampa msaidizi wake pale Uyole, akaikunja akaiweka mfukoni bila kuisoma.

Viazi Isyonje:

Wewe ni dalali mwenye fuso la bluu lenye maandishi ya njano mbele?

Dalali wa Mwanjelwa:

Ndiyo. Kwani vipi?

Viazi Isyonje:

Magunia niliyoyasema ni yangu na fuso ni lako. Jumamosi nina magunia mengine 20 shambani. Ukija, njoo na mizani.