Chafya za kusi: tuukate muembe?

Binti Konde: Asalaam alaykum wanajamvi. Mdogo wangu, miaka 24, tupo Konde, Pemba. Masika yakikatika na upepo wa kusi ukashika, mwisho wa Mei hadi Julai, huamka na chafya mfululizo, kamasi kama maji, macho yanawasha. Homa hana. Nyumba iko ukingoni mwa bonde la mpunga, na uani pana muembe ambao wazee wanataka ukatwe. Tuukate? Na dawa gani haitamlaza mchana kutwa?

Mkulima wa Bondeni: Wa alaykumu salaam, dada. Msiukate. Chavua ya muembe ni nzito na inanata, hubebwa na nzi. Upepo haufiki nayo mbali. Zinazoruka ni za majani: ukoka, magugu, mahindi, na mpunga wenyewe. Mpunga hufungua maua jua likishapanda, saa tatu hadi saa sita hivi. Saa hizo fungeni madirisha ya upande wa bonde, na mashuka yasianikwe nje. Majani ya uani yafyekwe kabla hayajatoa masuke, tena afyeke mtu mwengine.

Dawa Baridi: Mkulima kasema kweli, ila saa hazilingani. Alfajiri mpunga haujafungua. Anayepiga chafya kabla hajatoka kitandani, tazameni godoro na mto: unyevu wa masika huzalisha wadudu wadogo wa vumbi na ukungu. Akilala kwengine inakuwaje?

Binti Konde: Akilala mjini Chake Chake, chafya za alfajiri hazipo. Macho huwasha zaidi akishuka bondeni. Mto wake ni wa sufi.

Dawa Baridi: Basi ni mawili kwa pamoja: vumbi la kitandani na chavua ya bondeni. Mto wa sufi utolewe chumbani. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60. Chandarua chenye dawa msikitie humo, dawa itatoka: maji baridi, sabuni ya kawaida, kianikwe kivulini.

Vidonge vya mzio (aleji): setirizini miligramu 10, mara moja kwa siku, usiku. Piriton ndiyo inayolaza sana. Pua ikiwa imeziba, dawa ya kupuliza ya beklometasoni au flutikasoni ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini wengi huiacha siku ya tatu wakidhani haifai. Inataka hadi wiki 2 kukolea, kwa hiyo aanze katikati ya Mei. Ainamishe kichwa kidogo, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, ncha ielekee sikioni, si ukuta wa kati, maana hapo hutoka damu. Asivute kwa nguvu, itaishia kooni. Matone ya kuzibua pua yasizidi siku 5. Yakizidi, pua huziba kuliko mwanzo.

Mkulima wa Bondeni: Na akirudi bondeni aoge, nywele pia, kabla hajakaa kitandani.

Dawa Baridi: Naam. Akianza kukohoa usiku, kifua kikabana au kikalia filimbi, hiyo ni dalili ya pumu. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, msingoje vidonge.